Mvua Tuiandike Wenyewe, Kazi Tuifanye kwa Shirika



Katika kila barza ya wakulima wa karafuu siku hizi halikosi swali moja: je, mvua zetu zimebadilika, au ni watu waliozidi kulalamika? Mzee mmoja atasema kuwa zamani masika yalikuwa masika kweli, na vuli ikijulikana siku yake. Kijana atamjibu kwamba wazee wote husifu zamani zao. Maneno yatakwenda na kurudi mpaka adhana ya magharibi, watu watainuka, na kesho yake yataanza palepale yalipoachwa. Hapatapatikana mshindi, kwa sababu hapana hata mmoja aliyekuja barzani na daftari.

Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima wa kisiwa hiki huhesabu pishi, huhesabu kilo, huhesabu magunia na siku za wachumaji. Lakini mvua, ambayo ndiyo mama wa hayo yote, ni wachache mno wanaoiandika. Shauri letu katika makala haya ni moja. Twataka kila tawi la Chama lianze kuandika mvua yake na mwendo wa mikarafuu yake, na kwa daftari hilo Chama kiingie katika shirika na watu wa hali ya hewa, watafiti wa kilimo, chuo kikuu, mnunuzi wa karafuu, skuli zetu na jirani zetu wa pwani, kwa masharti yanayojulikana na kila upande. Mwenye kuingia katika shirika bila ya mtaji hupewa atakachopewa. Mwenye mtaji husikilizwa. Na mtaji wetu sisi wakulima ni kuwapo shambani kila siku, mwaka kwa mwaka, mahali ambapo mtaalamu hufika mara moja tu kwa gari.

Mkarafuu Hausubiri Mabishano

Inafaa tukumbuke kwanza kwa nini jambo hili ni kubwa kwetu kuliko kwa mkulima mwingine yeyote. Mpunga ukiharibika mwaka huu, mwenyewe hupanda tena mwaka ujao. Mkarafuu hauko hivyo. Mche uliopandwa leo hautatoa karafuu za maana kabla ya miaka sita, saba au minane kupita, na ukitunzwa huweza kuishi zaidi ya umri wa aliyeupanda. Basi anayepanda sasa hapandii mvua ya mwaka huu. Apandia mvua na joto la miaka ya 2030 na ya baadaye, na akikosea leo, kosa lake litajulikana wakati ambapo watoto wake wa leo watakuwa watu wazima.

Mche mchanga ni kama mtoto mchanga. Wataka kivuli, wataka udongo wenye unyevu, na jua kali la mfululizo katika miezi yake ya kwanza laweza kuumaliza. Serikali imekuwa ikigawa miche ya mikarafuu kwa wakulima, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kila mche unaokauka kwa sababu ulitiwa ardhini wiki tatu kabla ya wakati wake, hasara yake si ya mche mmoja. Ni hasara ya miaka saba ya kungoja.

Mkarafuu mkubwa nao una hesabu zake. Vitumba vya maua hutoka kwenye ncha za vitawi, navyo huchukua kiasi cha miezi sita mpaka kufikia kuchumwa. Kipindi cha ukavu baada ya mvua husaidia kuusukuma mti utoe maua, na mvua zikiendelea bila ya kukatika mti hujishughulisha na majani. Ndiyo maana mtu aweza kuwa na mikarafuu mizuri, ya kijani, yenye kupendeza macho, na msimu ukaja asivune hata gunia.

Kisha kuna kuanika. Karafuu mbichi kiasi cha kilo tatu hutoa kilo moja kavu, na kazi hiyo hufanywa na jua juu ya majamvi kwa siku nne mpaka saba. Uchumaji wetu aghalabu huingia katika miezi ya vuli, yaani Oktoba mpaka Disemba, kwa hiyo jamvi na mvua ni maadui waliopangiwa nyumba moja. Karafuu zikikosa jua siku mbili tatu zikiwa zimerundikwa huvunda, hupauka, na hushuka daraja. Mvua za vuli za mwaka 2019 na za 2023 zilikuwa kubwa sana katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2019 bahari ya Hindi ilikuwa na joto zaidi upande wetu wa magharibi kuliko upande wa mashariki, na mwaka 2023 hali hiyo ilikutana na El Niño ya bahari ya Pasifiki. Bahari iliyo mbali kabisa na majamvi yetu ndiyo inayoamua kama karafuu zitakauka au zitavunda. Jambo la namna hiyo mkulima mmoja hawezi kulitambua peke yake kwa kutazama mawingu ya Wete, na mtaalamu naye hawezi kujua limefanya nini juu ya jamvi la Konde bila ya kuambiwa na mwenye jamvi.

Yaliyokwisha Kutokea

Wako wanaodhani kuwa habari za tufani ni habari za nchi za watu. Na wakumbuke mwezi wa Aprili mwaka 1872. Tufani kubwa ilipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa kile, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya kwanza katika karafuu, na haijaiacha mpaka leo. Yaani sifa yetu yote hii, na neema iliyojenga nyumba nyingi za kisiwa hiki, ilitokana kwa sehemu kubwa na upepo wa siku moja uliokwenda kusini badala ya kaskazini. Ilikuwa ni kudra, na mtu mwenye akili hafanyi kudra kuwa ndiyo mpango wake.

Wakulima wenzetu wa Madagascar wanalijua hilo vizuri zaidi. Kule mashariki ya kisiwa chao iko jimbo iitwayo Analanjirofo, na maana ya jina hilo ni msitu wa mikarafuu. Mwezi wa Machi mwaka 2017 kimbunga kilichoitwa Enawo kilipiga upande huo wa nchi. Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Ngazija kabla ya kufika kaskazini ya Msumbiji, na Wangazija nao ni wakulima wa karafuu kama sisi. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia, nacho kilikuja katika pwani ambayo watu walizoea kusema kuwa iko karibu mno na ikweta hata kufikiwa na vimbunga. Na mwaka huo wa 2024 ndio uliotangazwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuwa wenye joto kubwa kuliko miaka yote iliyopata kupimwa hadi wakati huo.

Hatuyasemi haya kwa kutishana. Twayasema ili ijulikane kuwa hayo wayaitayo siku hizi mabadiliko ya tabianchi si maneno ya mikutano ya mahotelini. Yamo katika jamvi, katika kitalu, na katika mabonde yetu ya mpunga yaliyo karibu na pwani, ambako maji ya chumvi yameingia katika ardhi zilizokuwa zikilisha watu.

Nani Ana Nini

Hebu tutazame sasa elimu ya jambo hili imegawanyika vipi. Ni kama mashua ambayo mmoja ana tanga, mwingine ana mlingoti, wa tatu ana usukani, na kila mmoja amekaa kwake akisubiri kufika Tanga.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina vyombo na ina wasomi, nayo hutoa utabiri wa masika na wa vuli kila mwaka. Lakini Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Magharibi ni udongo mzito na mvua nyingi, mashariki ni maweni na ukavu. Kipimo cha kiwanja cha ndege, hata kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kusema habari za Makangale na za Kengeja kwa pamoja. Tena utabiri huja kwa maneno ya wastani, chini ya wastani, au juu ya wastani. Mkulima wa karafuu hataki wastani. Anachotaka kujua ni hiki: katika mwezi wa Novemba atapata siku ngapi kavu zilizofuatana? Milimita mia moja zikinyesha kwa usiku tatu na mchana ukawa jua, karafuu zitakauka. Milimita hizo hizo zikinyunyiza kidogo kidogo mwezi mzima, karafuu zitaoza. Wastani ni ule ule, na hasara ni mbingu na ardhi. Swali hilo halitaulizwa na mtu wa vyombo mpaka mtu wa jamvi amwambie.

Watafiti wa kilimo wa Kizimbani wana elimu ya mti wenyewe, maradhi yake, mbegu zake na udongo wake. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina vijana wanaotafuta mambo ya kuchunguza, na wengi wao ni watoto wetu. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lina kitu ambacho watu hawakifikirii: lina vitabu vya manunuzi ya kila kituo, msimu kwa msimu. Vitabu hivyo ni hazina. Mtu akiviweka kando ya daftari la mvua la kituo hicho hicho, ataona ni mvua ya mwezi gani iliyoleta zao kubwa na ya mwezi gani iliyolipoteza.

Wavuvi nao wanajua pepo, kwa sababu roho zao ziko juu ya pepo. Wao ndio wa kwanza kujua kusi imechelewa au kaskazi imewahi. Wanawake wa mwani wanajua joto la maji kwa miguu yao. Skuli zina watoto wanaopita njia ile ile kila asubuhi, na mtoto akifundishwa kusoma kipimo hasahau. Wazee wetu wana hesabu ya miongo, ile hesabu ya mwaka wa jua wa siku 365 inayoanzia siku ya Nairuzi, ambayo ndiyo walioitumia mabaharia na wakulima wa pwani hii kabla ya kalenda za ukutani. Na sisi tuna miti. Kila mmoja ana kinga chake, na kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Mifano Miwili

Kwa mfano wa kwanza twarudi nyuma. Wazee wanayakumbuka maradhi yaliyoitwa kifo cha ghafla, ambayo huukausha mkarafuu mkubwa wenye afya, majani yakabakia mtini yamekuwa rangi ya kahawia. Katika miaka ya 1930, 1940 na 1950 wataalamu walifanya kazi kubwa juu ya maradhi hayo hapa visiwani. Bwana G. E. Tidbury alitoa kitabu kizima juu ya mkarafuu mwaka 1949, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mabwana Nutman na Roberts walieleza kuwa ni kuvu aina ya Valsa ndiyo yenye kusababisha. Ilikuwa elimu ya kweli, na hata leo wasomi huirejea. Lakini kitabu kilipigwa chapa London, kwa Kiingereza, na mkulima aliyeonesha mti wake uchunguzwe hakukisoma. Elimu ilitoka shambani, ikavuka bahari, na safari ya kurudi ikawa ndefu kuliko ya kwenda.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu wa pwani. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, na wanawake ndio walioshika kazi. Kuna mwani wa aina mbili: spinosamu, ambao ni mgumu na bei yake ni ndogo, na kotoni, wenye bei kubwa. Maji ya kina kifupi yalipozidi joto, kotoni ikaanza kuugua na kufa. Dokta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hakuishia kuandika kwamba kotoni inakufa. Mwaka 2006 ulianzishwa umoja uliowakutanisha wakulima wa mwani, watafiti, serikali na wafanyabiashara, na ndani ya umoja huo ukajaribiwa ukulima wa kotoni kwa nyavu za mirija katika maji ya kina zaidi, ambako kuna ubaridi. Wakati huo huo wanawake wakajifunza kutengeneza sabuni na vitu vingine kutokana na mwani, ili hata ule wa bei ndogo uwe na faida.

Lakini tusisimulie nusu ya habari. Maji ya kina yanataka chombo na yanataka kujua kuogelea, na wanawake wengi hawakuwa na kimoja wala kingine. Basi dawa ilipatikana, na kuifikia ikawa shida. Hapo pana funzo kubwa kwetu. Utafiti ukijibu swali la mmea na ukaacha swali la mkulima, yaani nani atanunua mashua, kazi imefika nusu. Kwa sababu hiyo twasema kuwa fedha za utekelezaji zitajwe siku ile ile ya kutia saini, zisingoje siku ya kusoma ripoti.

Na hapa kwetu Pemba, watu wa kisiwa kidogo cha Kokota, kilichokuwa kimeishiwa na miti na maji, walipanda miti na kukinga maji ya mvua kwa msaada wa jumuiya ya Community Forests Pemba na marafiki zake wa Canada. Watu wa kisiwa ndio waliochimba mashimo. Haikuwa kazi ya mradi kuwapandia.

Yanayosemwa Dhidi ya Shauri Hili

Tunajua kuwa shauri hili halitapita bila ya mabishano, na baadhi ya mabishano yana haki.

Wa kwanza watasema kwamba mvua ni amri ya Mwenyezi Mungu, na kuihesabu ni kujitia katika yasiyotuhusu. Twawajibu kwa adabu kwamba wazee wetu walikuwa wacha Mungu kuliko sisi, na walihesabu miongo, walihesabu nyota, walihesabu maji ya bamvua na maji mafu. Kuandika kilichoteremka si kumwamuru aliyekiteremsha.

Wa pili watasema: mkiandika habari za mashamba yetu, kesho zitatumiwa kututoza, au kutupangia bei, au kutuuliza karafuu nyingine zimekwenda wapi. Hawa hatuwezi kuwapuuza. Karafuu imepimwa na mizani ya watu wengine kwa muda mrefu, na hofu ya mkulima ina asili yake. Lakini jawabu la hofu si kukaa gizani. Jawabu ni kupambanua lipi ni la wote na lipi ni la mwenyewe. Mvua ni ya wote, na iandikwe wazi. Siku ya kutoka vitumba, siku ya kuanza kuchuma, siku ambazo majamvi hayakuanikwa, hayo nayo ni ya wote. Lakini idadi ya miti ya mtu na kilo za mtu ni siri yake. Tawi litoe jumla tu, na Shirika la Biashara nalo tuliombe jumla za vituo, bila ya jina la mtu hata mmoja. Hilo liandikwe katika mapatano kabla ya jambo lolote jingine, na atakayelikataa basi shirika lake tusilitake.

Wa tatu watauliza: tutalipwa kiasi gani kwa kusoma kipimo? Hapa tutasema kweli, hata ikiwa chungu. Daftari linaloandikwa kwa ajili ya posho hufa siku posho inapokufa. Kusoma kipimo ni kazi ya dakika mbili, na iwe ndiyo mchango wetu. Lakini mtu akiombwa aache shamba lake siku nzima kwa ajili ya kuongoza watafiti, huyo amepoteza siku yake, na ni haki arudishiwe. Hayo mawili yasichanganywe.

Masharti Yetu

Kwa hiyo twapendekeza kuwa Chama kisiingie katika shirika lolote la utafiti ila kwa masharti haya matano.

Kwanza, swali la kuchunguzwa litokane na mashauri ya pande zote mbili. Mtafiti akija na swali lake tayari, na sisi tumuoneshe letu, na yafanywe yote mawili. Sisi twaweza kuanza na haya: ni siku gani baada ya mvua za kwanza za masika ambapo mche ukipandwa huishi, na ni ukavu wa siku ngapi unaofuatana katika vuli ya kila upande wa kisiwa.

Pili, majibu yarudi kwetu kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya tawi, kabla ya msimu unaofuata. Wako waliokuja, wakauliza, wakapiga picha, wakaaga kwa heshima, na mpaka leo mkulima hajui aliyoyasema yamefika wapi. Jibu linalokuja baada ya mavuno matatu si jibu tena.

Tatu, daftari la asili libaki katika tawi, na nakala ndiyo itoke. Mradi una siku zake za kuondoka, na tawi litabaki hapa hapa.

Nne, kila uchunguzi uambatane na kazi moja inayoonekana kwa macho, na gharama zake zitajwe mapema pamoja na mlipaji. Iwe ni vichanja vya kuanikia vyenye paa la kufunika mvua ikija, iwe ni turubali, iwe ni kitalu chenye kivuli na tangi la maji, au miti ya kukinga upepo upande wa kusi.

Tano, wachumaji na akina mama wanaochambua karafuu wawemo katika mashauri tangu siku ya kwanza. Mwenye shamba huujua mti, na mchumaji aliye juu ya tawi huijua hali ya tawi hilo. Mwanamke anayetenga karafuu na makonyo usiku wa manane ndiye wa kwanza kunusa kuwa zimeanza kuvunda. Kuwaacha hawa nje ni kuacha nusu ya elimu nje.

La Kufanya Kabla ya Msimu

Yote hayo yatataka barua na mikutano, na barua huchukua muda. Lakini kuanza kuandika hakungoji barua. Kila tawi litafute kipima mvua kimoja, na watu wa hali ya hewa waombwe waeleze namna ya kukitumia. Kiwekwe mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba kwa kiasi cha mara mbili ya urefu wa mti huo au nyumba hiyo, maana mvua inayodondoka majanini si mvua ya mbinguni. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, kisha kimwagwe. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, wala isiachwe tupu, kwa sababu nafasi tupu hakuna ajuaye kama ni ukavu au ni uvivu. Wateuliwe watu wawili, mmoja akisafiri mwingine awepo. Na penye skuli karibu, mwalimu aombwe kukabidhi kazi hiyo kwa darasa.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Bati la nyumba lenye mita 30 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 600. Mwenye kitalu cha miche akilijua hilo atajua tangi lake liwe na ukubwa gani na litamfikisha wapi katika kiangazi. Kwa hiyo hata kabla mtaalamu hajafika, daftari limekwisha kumlipa mwenyewe.

Pembeni ya mvua yaandikwe maneno machache tu: leo vitumba vimeonekana, leo tumeanza kuchuma, leo hatukuanika, leo miche kumi imekufa katika hamsini. Mwaka mmoja wa maneno hayo ni habari. Miaka mitano ni ushahidi, na miaka kumi ni elimu ambayo hapana chuo chochote duniani chenye kuipata ila kwa kutujia sisi.

Twaomba kila tawi lilijadili jambo hili na kulipeleka katika Mkutano Mkuu likiwa na majina mawili ya waandishi wa mvua na mahali pa kipimo palipochaguliwa. Halmashauri nayo iandike masharti matano kwa lugha ya mapatano, na iyapeleke kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa Kizimbani, kwa chuo kikuu na kwa Shirika la Biashara, na iwaombe waje kukaa nasi meza moja, hapa Pemba, si sisi tuvuke kila mara. Atakayekuja atakuta watu wenye daftari mkononi, nao watampokea kwa heshima kama ilivyo desturi yetu. Na kipindi cha mvua kijacho, Inshallah, kikianza, barzani atapatikana angalau mtu mmoja wa kusema ni tarehe ngapi na ni milimita ngapi.